Kabla ya kushusha mashine, pima kwanza

Leo naweka siasa na bunge pembeni, nazungumzia mafuta. Si bei ya kwenye kibao, hiyo tunaandika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanapotoa bei kikomo. Nazungumzia mafuta yanayopotea kati ya tangi na matairi, na dawa ambayo kila fundi wa Dar anayo mdomoni: "Mashine imechoka hiyo, tushushe, tuweke nyingine."

Mjomba wangu ni dereva teksi. Si wa jana, ni wa tangu enzi teksi Dar zilikuwa Mark II na Chaser na abiria anapatana nauli akiwa ameinama dirishani. Gari lake ni Toyota Mark II GX100 lenye mashine ya 1G-FE, silinda sita zimejipanga mstari mmoja, cc 1,988. Wanaoijua 1G wanaijua: haina makelele, haitikisiki, na ukiitunza inakuzika. Tatizo lake linajulikana vilevile. Inakunywa.

Zamani kunywa huko hakukumuua mjomba kwa sababu wenzake wote kijiweni walikuwa na magari ya aina hiyo hiyo, na nauli ilipangwa kwa gari la aina hiyo. Mwaka 2016 Uber ikaingia Dar, wengine wakafuata, na nauli ikaanza kupangwa na simu. Simu haijui una silinda ngapi. Abiria wa Tabata kwenda Posta analipa bei inayomfaa kijana mwenye IST ya cc 1,300 au 1,500, na mjomba na silinda zake sita inabidi aifuate bei hiyo hiyo au abaki kijiweni anacheza bao. Kisha Mei 2022 petroli Dar ikapita shilingi 3,000 kwa lita. Hapo ndipo fundi alipokuja na neno lake.

Fundi alitaka shilingi milioni 3.2. Kwa pesa hiyo anaitoa 1G, anaweka 4S-FE ya silinda nne, cc 1,838, na gia boksi yake, waya na kompyuta yake, mtumba kutoka Japani. Si wazo la kihuni. Toyota wenyewe waliuza Mark II ya umbo hilo hilo ikiwa na 4S, inaitwa SX100, kwa hiyo vishikio vya injini na propela vinapatikana bila kuchomelea chomelea. Fundi akaahidi kilomita 10 kwa lita. Mjomba, ambaye kwa hesabu yake ya kichwani alikuwa anapata sita, akaanza kuota.

Sasa sikilizeni milioni 3.2 ile ilikuwa nini. Ilikuwa mgawo wake wa kikoba wa mwaka mzima, na binamu yangu alikuwa anaingia mwaka wa pili chuoni Morogoro. Shangazi, mke wa mjomba, hakupiga kelele. Alisema tu, "Mkishaweka hiyo injini mtaniambia mtoto arudi lini nyumbani." Mjomba akanipigia simu. "Mjomba, wewe kazi yako kuuliza maswali. Njoo umuulize fundi maswali."

Nikaenda, lakini swali la kwanza nilimuuliza mjomba mwenyewe: umepimaje hizo kilomita sita? Akasema anajua tu. Basi tukaanza hapo. Njia ya kupima haihitaji chuo kikuu: jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, andika kilomita, tembea, rudi kituo kile kile, pampu ile ile, jaza mpaka ikate tena, gawanya kilomita kwa lita. Usifanye mara moja, fanya mara tatu nne, kwa sababu pampu hazikati sawa na foleni ya Jumatatu si ya Jumapili. Madereva wengi Dar hawajawahi kujua kwa uhakika gari lao linakula kiasi gani, kwa sababu tunanunua mafuta ya elfu kumi, elfu ishirini, taa inawaka, tunaongeza. Mjomba naye alikuwa hivyo. Baada ya wiki tatu jibu likaja: kilomita 6.1 kwa lita. Mzee hakuwa mbali na ukweli.

Haya, tukafunga geji. Gari hili ni la miaka ya 1990, zile kompyuta ndogo za kuchomeka chini ya usukani na kusomea kwenye simu hazielewani nalo. Kwa hiyo tukarudi kwenye vifaa vya kizamani, vitatu, vyote kwa shilingi 85,000: geji ya joto yenye sensa yake na namba zake, geji ya mvuto wa hewa, na kipima volti kidogo cha dijitali.

Mtaniuliza, gari si lina geji ya joto tayari? Lina mshale, ndiyo. Lakini mshale huo umetengenezwa usikusumbue. Joto likipanda au kushuka nyuzi kadhaa wenyewe unakaa tu palepale, ili mwenye gari asikimbilie gereji kila akiona umetikisika. Mshale wa mjomba ulikuwa unakaa chini kidogo ya katikati, na yeye alikuwa anajivunia jambo hilo. "Gari langu linapoa vizuri," alikuwa anawaambia wenzake.

Geji yenye namba ikasema habari nyingine. Tukiwa tunatembea Barabara ya Morogoro asubuhi, joto la maji lilikuwa nyuzi 58 hadi 64. Likifika foleni ya Ubungo linapanda mpaka 80, tukiachiwa tu linashuka tena. Mashine ile inatakiwa ikae juu ya nyuzi 80 muda wote, kwa sababu thamostati yake imeandikwa 82. Fundi akafungua nyumba ya thamostati. Ndani, hamna kitu.

Hii ni hadithi ya nusu ya magari ya Dar. Gari likichemsha siku moja, gereji fulani inatoa thamostati na kukuambia hicho ni kifaa cha nchi za baridi, huku kwetu joto linatosha. Ukisikia unaona kama kina mantiki. Lakini thamostati haipo kwa ajili ya hali ya hewa ya nje, ipo kwa ajili ya mashine. Kazi yake ni kuzuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wake. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, injini inabaki vuguvugu. Petroli ikikutana na kuta za ubaridi haigeuki mvuke vizuri, kwa hiyo kompyuta ya gari, ikisoma kwenye sensa kwamba injini bado haijachemka, inaongeza mafuta. Inafanya hivyo asubuhi, mchana na jioni, siku 365. Oili nayo inabaki nzito. Na gia boksi ya otomatiki inapewa taarifa ile ile kwamba injini ni ya baridi, kwa hiyo inasita kuingia kwenye gia ya juu. Kwa maneno mengine gari la mjomba lilikuwa linaishi Dar es Salaam huku kichwani linajiona liko Makete mwezi wa Julai.

Thamostati mpya, shilingi 35,000 pamoja na kuifunga. Tukapima tena wiki mbili: kilomita 6.9.

Kifaa cha pili kilikuwa kipima volti. Tulikiunga kwenye waya wa sensa ya oksijeni, ile iliyochomekwa kwenye bomba la moshi. Sensa hiyo ndiyo pua ya kompyuta. Injini ya petroli inataka uzito wa hewa 14.7 kwa uzito mmoja wa petroli, na sensa inanusa moshi na kutoa taarifa: karibu volti 0.1 mafuta machache, karibu volti 0.9 mafuta mengi. Ikiwa nzima, namba zinarukaruka juu chini muda wote, kwa sababu kompyuta inapunguza, inaongeza, inapunguza, inaongeza. Ya mjomba ilikuwa imelala. Inapanda taratibu kama mzee anayepanda ngazi za ofisi ya serikali, ikifika juu inasinzia hapo. Pua iliyozibwa. Tukabadilisha, 90,000. Siku hiyo hiyo fundi aliinua gari na kukuta kalipa ya breki ya nyuma kushoto imeng'ang'ania, ringi ni ya moto ukiigusa. Kuisafisha na kuweka raba mpya, 40,000. Vyote viwili vikatupeleka kilomita 7.2.

Geji ya tatu ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Ni geji inayounganishwa kwa mpira mwembamba kwenye manifoldi, inapima jinsi injini inavyovuta hewa. Inafanya kazi mbili. Ya kwanza ni ya daktari. Gari limesimama, injini inanguruma taratibu, mashine nzima inatakiwa ivute inchi 17 hadi 22 za zebaki kwa sisi tunaokaa usawa wa bahari, na mshale utulie. Mshale ukitetemeka, kuna valvu haifungi au plagi haichomi. Ukiwa chini na umetulia, kuna hewa inaingia pasipotakiwa au mashine kweli imechoka. Wa mjomba ulisimama kwenye 19, umetulia kama picha. Fundi akapima na kompresheni, silinda zote sita zikawa karibu sawa.

Tukatazamana pale gereji. Mashine iliyotaka kutolewa kwa sababu imechoka haikuwa imechoka.

Kazi ya pili ya geji hii ni ya mwalimu. Ukikanyaga mafuta mshale unaanguka kuelekea sifuri, ukiwa mpole unabaki juu. Si kitu kipya. BMW za miaka ya 1980 zilikuja na mshale wa matumizi ya mafuta kwenye dashibodi, na Wamarekani petroli ilipopita dola 4 kwa galoni mwaka 2008 walianza kufunga kila aina ya vipimo kwenye magari yao. Kuna walioshusha injini pia, wakitafuta hasa ile ya Honda Civic VX ya 1992 hadi 1995, ambayo kwa mwendo mdogo inakaribia kufunga valvu moja kati ya mbili za kuingiza hewa kwenye kila silinda ili ichome mchanganyiko wenye petroli kidogo. Lakini wale waliokuwa makini walifunga kipimo kwanza, wakabadili injini baadaye, na kipimo ndicho kilichowaambia kama injini imesaidia.

Mjomba amezoea kuendesha kwa miaka thelathini, mimi nimfundishe nini? Sikumfundisha. Mshale ulimfundisha. Baada ya siku nne alikuwa anaondoka mataa ya Tazara kama amebeba mayai, na abiria mmoja akamuuliza kama anaumwa. Kitu kimoja tu tulibishana. Mjomba alikuwa na tabia ya kuweka nyutro kwenye mteremko wa Kimara kuja Ubungo, akiamini anaokoa mafuta. Kwenye gari la kabureta sawa, mjadala upo. Kwenye gari la nozeli linaloendeshwa na kompyuta, ukiachia pedali ukiwa ndani ya gia na gari linatembea, kompyuta inafunga nozeli kabisa, matairi yanaizungusha injini bure. Ukiweka nyutro, injini inabidi ijizungushe yenyewe, kwa hiyo inakula. Mbali na hapo, mteremko wa Kimara bila gia, na lori la mchanga liko mbele yako... tuache hayo. Akaacha. Tukapima: kilomita 7.6.

Sasa twende kwenye hesabu, na hapa naomba muwe na kalamu. Mjomba anatembea wastani wa kilomita 80 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, jumla 2,080. Nimechukua petroli shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi.

Kwa kilomita 6.1 kwa lita alikuwa anachoma lita 341, shilingi 1,023,000 kwa mwezi. Kwa kilomita 7.6 anachoma lita 274, shilingi 822,000. Anaokoa shilingi 201,000 kila mwezi. Geji, thamostati, sensa na breki jumla yake ni 250,000, zimerudi ndani ya wiki sita.

Na ile injini ya milioni 3.2? Ukichukua ahadi ya fundi ya kilomita 10 na kuilinganisha na gari bovu la 6.1, mjomba angeokoa 399,000 kwa mwezi, injini ingejilipa kwa miezi 8. Mtu yeyote angeinunua. Lakini hapo kuna mitego miwili. Wa kwanza ni ile kilomita 10 yenyewe. Nilitafuta dereva mwenye SX100, ile yenye 4S tangu kiwandani, nikampata kijiwe cha Buguruni, akakubali tujaze tangi pamoja kwa wiki tatu. Njia zake zinafanana na za mjomba. Alipata 8.6. Mtego wa pili ni kwamba injini mpya ingekuja na thamostati yake na sensa yake, kwa hiyo faida ya vitu vya 125,000 ingehesabiwa kama faida ya injini ya milioni tatu, na kila mtu angerudi nyumbani anamsifu fundi.

Linganisha gari zima na gari zima: 7.6 dhidi ya 8.6. Lita 274 dhidi ya 242. Faida ya injini yenyewe ni shilingi 96,000 kwa mwezi, na milioni 3.2 ingerudi baada ya miezi 33. Karibu miaka mitatu, kama mtumba huo hautasumbua hata siku moja.

Kwa nini silinda nne zisiokoe zaidi ya hapo? Kwa sababu gari ni lile lile. Bodi ni ile ile, kilo zaidi ya 1,300, kiyoyozi kile kile, foleni ile ile. Faida ya injini ndogo ni ya kweli: injini kubwa ikifanya kazi ndogo inavuta hewa kupitia kilango kilichofungwa karibu chote, na kuvuta huko ni kazi inayolipiwa kwa petroli. Ndogo inafungua kilango zaidi, inapumua vizuri. Lakini ukiipa mzigo mkubwa, dereva anaikanyaga zaidi, na ukiacha difu ya zamani isiyoendana nayo inabaki inahangaika kwenye gia za chini. Wajapani waliotengeneza IST hawakuweka tu injini ndogo, waliweka injini ndogo kwenye gari dogo.

Msinielewe vibaya, sisemi kubadili injini ni ujinga. Mpiga picha mmoja ninayefanya naye kazi alikuwa na Nadia ya D4, zile ambazo mafuta yanapigwa moja kwa moja ndani ya silinda. Toyota walianza kuziuza Japani mwaka 1996, na kwenye makaratasi ndizo zinazookoa mafuta. Lakini pampu yake ya shinikizo kubwa inataka petroli safi kama maji ya dripu, na sisi ni nchi iliyolazimika kuanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 na kupandisha ushuru wa mafuta ya taa kwenye bajeti ya 2011/12 kwa sababu watu walikuwa wanachakachua. Pampu yake ilipokufa, bei ya nyingine ilikaribia bei ya 3S ya kawaida nzima. Akaweka 3S. Gari halikuanza kunusa mafuta badala ya kunywa, lakini linawaka asubuhi, na fundi yeyote kuanzia hapa mpaka Tunduma analijua. Hiyo ni sababu nzuri ya kushusha injini. Iliyogonga nayo, iliyopasuka nayo, hakuna mjadala. Ila ukibadili, nenda ukabadilishe namba ya injini kwenye kadi ya gari na uijulishe bima, maana siku ya ajali hakuna atakayekuonea huruma.

Kuna waliomwambia mjomba aweke gesi, na kwa mtu anayetembea sana hesabu yake inaweza kuishinda hata hiyo 4S. Tulikwenda kuangalia. Foleni ya kituoni siku tuliyokwenda ilituchukua zaidi ya saa mbili, na kwa dereva teksi saa mbili ni nauli. Hajalifuta wazo hilo. Ila hata gesi itachomwa na injini ile ile, na injini isiyo na thamostati itapoteza gesi kama ilivyopoteza petroli.

Fundi hakununa. Aliniambia, "Bwana mwandishi, ungekuja na wateja wako kumi wa namna hii ningefunga gereji," kisha akamuuliza mjomba ile geji ya joto inauzwa wapi. Nimesikia anaifunga sasa kwenye Noah za wateja.

Milioni 3.2 ya kikoba iligawanywa. Sehemu kubwa ilikwenda Morogoro kulipa ada na chumba, kidogo kikanunua matairi manne yenye upepo unaostahili. Ile 1G siku moja itakufa kweli, hakuna mashine ya milele, na siku hiyo mjomba atakuwa na daftari lenye namba za kumuonyesha fundi. Kwa sasa anapojaza mafuta ananitumia ujumbe mfupi: kilomita na lita, bila salamu. Wa juzi ulisema 7.7.

Naomba kuwasilisha.